Vidole Viwili: Safari ya Sikio Kutoka Kwaya Hadi Jazi

Wahenga walinena kuwa masikio hayapiti kichwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtoto anayetaka kujifanya mjuzi mbele ya wazazi wake. Hata hivyo, yaweza pia kumfaa mtu yeyote anayejifunza kusikiliza, kwa sababu sikio hupokea kile tu ambacho kichwa kimekwisha kukitengea nafasi. Sauti isiyo na nafasi kichwani hupita kama upepo upitavyo migombani: majani hutikisika, lakini hakuna ajuaye upepo umesema nini. Kijana mmoja wa Nyamira, mwalimu wa Kiswahili na Muziki katika shule ya upili ya kutwa, aliujua ukweli huo kwa njia ngumu. Kuanzia likizo ya Aprili hadi mwezi wa Novemba alisikiliza wimbo mmoja wa dakika nne, na muda wote huo hakuusikia.

Wimbo wenyewe ulikuwa katika kaseti ya baba yake mdogo. Mzee huyo alikuwa amepiga gitaa la ridhimu katika bendi moja ya mjini Kisii miaka ya 1980. Bendi ilivunjika, wenzake wakatawanyika, na gitaa likauzwa ili watoto wapate karo. Nyimbo kumi walizozirekodi siku moja ukumbini kwa redio ya kaseti, tano kila upande, hazikupata kutolewa kwenye santuri, wala hapakuwa na mtu aliyeziandika popote. Kisha kiharusi kikampiga mzee. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi na usemi ukamtoka. Akabakiwa na mgumio wa kooni na mkono wa kushoto ulioinuka polepole. Tangu siku hiyo nyimbo zile kumi zilihifadhiwa mahali pawili tu: kwenye utepe uliochakaa, na kichwani mwa mtu asiyeweza kusema. Kijana aliazimia kuzinakili kabla ya mojawapo ya ghala hizo mbili kufungwa.

Maneno ya nyimbo hayakumsumbua. Jioni mbili zilimtosha kuyaandika yote, Ekegusii upande mmoja wa daftari na tafsiri ya Kiswahili upande wa pili, kama afanyavyo mtafiti yeyote wa fasihi simulizi. Tabu ilikuwa kodi. Kodi inayozungumziwa hapa si ile anayoidai mwenye nyumba mwisho wa mwezi, ingawa nayo ilimtoza kijana jasho. Ni neno walilolitohoa wanamuziki kulitaja fungu la sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, na ambalo juu yake wimbo hutembea. Maneno bila kodi ni kama ngoma iliyochorwa ukutani: umbo lake laonekana, lakini haichezeki.

Ungedhani mtu kama huyo asingepata shida. Alikulia katika kanisa la Waadventista Wasabato, na yeyote aliyewahi kukaa Kisii au Nyamira anajua maana ya jambo hilo kimuziki. Tangu siku za misheni ya Nyanchwa, vizazi na vizazi vya vijana wa Gusii vimejifunza kuimba kwa sauti nne bila ala yoyote, vikisoma solfa ubaoni: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mfumo huo ulikuzwa na kuenezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyejenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, kisha wamisionari wakaueneza Afrika. Siri yake ni kwamba haumwambii mwimbaji sauti ina jina gani. Humwambia sauti ina uhusiano gani na wenzake. Do si kitufe fulani cha kinanda. Do ni nyumbani, popote patakapojengwa nyumba hiyo.

Zaidi ya hayo, lugha yake ya kwanza, Ekegusii, ni lugha ya toni. Mtoto wa Kigusii huanza kutofautisha sauti ya juu na ya chini kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Na kabla ya misheni kulikuwa na obokano, ala kubwa ya nyuzi nane iliyowambwa ngozi, ambayo uzito wa mngurumo wake umewafanya watu kuifananisha na besi kubwa ya Kizungu. Mpigaji huketi, akaipiga mwenyewe na kuimba mwenyewe, sauti yake ikipanda na kushuka juu ya ngurumo ile. Sikio la kijana, basi, halikuwa shamba la mwitu. Lilikuwa limekwisha kulimwa mara tatu: na lugha, na ala ya mababu, na kwaya.

Pamoja na hayo, alikuwa amejiaminisha kuwa hana sikio. Chanzo chake kilikuwa mtihani. Wanaosomea Muziki katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya hufanya karatasi ya usikivu, na sehemu mojawapo humtaka mtahiniwa asikilize kodi mbili za mwisho wa kifungu cha muziki na kutaja aina ya kituo: je, muziki umefika nyumbani kutoka kodi ya tano, au umefika kwa njia ya kodi ya nne kama waimbavyo watu “Amina” mwisho wa tenzi, au umeachwa ukining’inia njiani? Siku hiyo kijana alibahatisha majibu yote. Aliponusurika kwa alama za karatasi nyingine, alihitimisha kuwa yeye ni mtu wa kusoma muziki kwa macho, si kwa masikio. Hitimisho hilo alilibeba hadi chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu hadi darasani alikofundisha.

Alirejea masikioni kwa kulazimika. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la kisasa: aliinakili kaseti kwenye simu, akatafuta programu inayodai kutambua kodi. Programu ilimpa majina asubuhi, na jioni ikampa majina mengine kwa wimbo uleule. Kosa halikuwa la programu peke yake. Mashine ya kaseti ilikuwa imezeeka na mzunguko wake umelegea, hivyo muziki wote ulikuwa umeteremka, ukaketi katikati ya vitufe viwili vya kinanda, mahali pasipo na jina. Mtu aliyetafuta majina asingefika popote. Kilichosalimika katika utepe ule ni uhusiano tu: umbali kati ya kodi hii na ile, ambao haukubadilika hata mashine ilipochoka. Kwa maneno mengine, utepe ulikuwa unadai solfa.

Akaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Kila alasiri baada ya masomo alikwenda kwa mzee, akaketi karibu na kiti chake, na kuwasha redio. Ilibidi wafanye haraka, kwa sababu alasiri za Kisii zina mvua yake, na mvua ikianza kupiga mabati hakuna kaseti itakayosikika. Hatua ya kwanza ilikuwa kuitafuta do: kuacha wimbo uende hadi uonekane kutulia, kisha kuigumia sauti ile ya utulivu na kuishikilia. Hatua ya pili ilikuwa kuliacha gitaa la solo, lenye madaha yote, na kuwinda besi. Hatua ya tatu, ambayo aliichelewa kwa majuma, ilikuwa kuimba. Aligundua kwamba sauti asiyoweza kuiimba hakuwa ameisikia, alikuwa ameikisia.

Nyimbo nne za kwanza zilifunguka hivyo. Zilikuwa za mtindo wa benga, na kodi zake zilikuwa tatu: ya kwanza, ambayo ni nyumbani, ya nne, ambayo ni kama kutoka nje kupunga upepo, na ya tano, ambayo ni kama kusimama mlangoni mkono ukiwa kwenye komeo. Mwanzoni alizihesabu kwa vidole, kama mwanafunzi mchanga wa ushairi anavyohesabu mizani. Msomaji atakumbuka siku hizo: silabi moja kidole kimoja, hadi mshororo utimie nane kwa nane. Baadaye mwanafunzi huyo haihesabu tena. Akisomewa mshororo wenye mizani kumi na tano, sikio lake hukwaruzika kabla akili haijajua sababu. Ndivyo ilivyomtokea kijana. Ilipofika Juni hakuwa akisema “hii ni ya nne”. Alikuwa akihisi wimbo umetoka nje, na namba ikamjia baadaye kama jina la mtu aliyekwisha kumtambua kwa mwendo.

Wimbo wa tano ukamkatalia. Ulianza vyema, ukatulia nyumbani, kisha mwisho wa kila ubeti ukapita mahali penye kiza. Aliposikiliza alisikia kodi ya nne, ya tano, kisha ya kwanza. Akaandika hivyo. Akapiga hivyo kwenye kinanda chake kidogo cha betri, mbele ya mzee. Ulikuwa sawa, na haukuwa sawa. Ulikuwa kama tafsiri ambayo kila neno lake ni sahihi lakini mwenye lugha akiisikia anainamisha kichwa.

Mzee hakuinamisha kichwa. Aligumia, akainua mkono wa kushoto, akasimamisha vidole viwili.

Kijana alielewa, au alidhani ameelewa. Akarudia mara ya pili. Mzee akainua vidole viwili tena. Akarudia mara mbili zaidi. Safari hii mzee alipiga mkono wa kiti, akageuza uso ukutani, na machozi yakamtoka. Mama mdogo akaja kutoka jikoni akasema kwa upole, “Mwanangu, leo amechoka. Mwache.” Mvua nayo ikaanza.

Hali hiyo ilijirudia Julai, ikajirudia Agosti. Kijana alijaribu kuongeza mwendo maradufu, akidhani vidole viwili vina maana hiyo. Alijaribu kucheza ubeti wa pili. Alijaribu hata kupiga kwa vidole viwili tu. Kila mara ilikuwa hasira na machozi, na nyumbani wakaanza kunong’ona kwamba redio ile inamdhuru mgonjwa. Kaka yake mkubwa alimwambia waziwazi kwamba nyimbo za ukumbini hazikumfaa mzee alipokuwa mzima, na sasa zinamuua. Kijana hakuwa na la kujibu. Septemba hakwenda na redio. Alikwenda mikono mitupu, akazungumza habari za majani chai na za shule, na mzee akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

Ufunguzi ulikuja Novemba, katika mazoezi ya kwaya. Kwaya nyingi hujifunza wimbo mpya kwa mafungu: sauti ya kwanza huimba peke yake, kisha ya pili, kisha ya tatu, mwisho sauti ya nne ambao ndio besi. Kijana alikuwa katika sauti ya tatu. Siku hiyo mwalimu wa kwaya aliwashikilia watu wa besi mwishoni mwa wimbo, mahali walipokuwa wakikosea, akawarudisha tena na tena: re, so, do. Re, so, do. Kijana, bila kufikiri, akawa anaigumia sauti yake mwenyewe juu yao: do iliyobaki mahali pake wakati besi wako kwenye re, kisha ikashuka kwenye ti besi walipofika so, kisha ikarudi do. Mara ya nne au ya tano nywele zilimsimama. Hakuwa anausikia wimbo wa kanisa. Alikuwa anausikia mwisho wa ubeti katika wimbo wa tano wa kaseti.

Re ni sauti ya pili. Vidole viwili havikuwa idadi ya mara. Vilikuwa jina la kodi.

Kosa lake, alipolichunguza usiku ule, lilikuwa na sababu inayoeleweka, na kila anayejifunza kutambua kodi kwa sikio hulikuta mlangoni. Kodi ya nne imeundwa na fa, la, do. Kodi ya pili, inapopigwa pamoja na sauti yake ya saba kama wapigaji wa jazi wapendavyo, ni re, fa, la, do. Sauti tatu kati ya nne ni zilezile. Kinachozitenganisha ni re iliyolala chini kabisa, nayo ndiyo sauti ambayo spika ndogo ya redio ya kaseti haiwezi kuitoa. Kwa miezi saba kijana alikuwa anasikiliza nyumba isiyo na msingi, naye akaipa jina la jirani yake. Siku ya pili alishuka mjini Kisii, akanunua visikilizi vya masikioni, akausikiliza upya. Besi ilikuwepo, dhaifu kama mtu anayesema kutoka chumba cha pili: re, so, do.

Alasiri hiyo alibeba kinanda. Hakusema neno. Akapiga ubeti mzima, na alipofika mwisho akapiga kodi ya pili, ya tano, ya kwanza. Mzee aliufumba macho ule upande mmoja wa uso uliokuwa bado unatii. Kisha mkono wa kushoto ukainuka: vidole viwili, vidole vitano, kidole kimoja. Akaushusha mkono pajani, akapumua kwa kirefu.

“Tata,” kijana akasema, “nisamehe. Nilikuwa sisikii.”

Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyemalizia maelezo. Kumbe kabla ya bendi ya Kisii mzee alikuwa amekaa Nairobi, akipigia bendi iliyotumbuiza wageni katika hoteli. Huko ukumbini kelele zilikuwa nyingi, na kiongozi wa bendi hakuweza kuwaambia wenzake kodi inayofuata kwa mdomo. Aliwaonyesha kwa vidole. “Hata hapa nyumbani,” mama mdogo akasema, “zamani akipiga peke yake usiku, ningemwona anainua vidole kama anamwonyesha mtu.” Miezi yote hiyo alidhani mgonjwa anataka vikombe viwili vya chai.

Hapo ndipo jina la bendi ya mzee, lililokuwa limeandikwa kwa kalamu kwenye kaseti na kuishia kwa neno “Jazz”, lilipopata uzito mpya. Neno hilo limezagaa katika majina ya bendi za eneo letu. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953 katika mji ambao leo ni Kinshasa, na OK Jazz ya Franco ikafuata mwaka 1956. Tanzania ilikuwa na Western Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kando ya Ziwa Viktoria zilivuma Victoria Jazz na Shirati Jazz, na Kisii kwenyewe pana Riakimai '91 Jazz. Nyingi kati ya hizi zilipiga rumba, dansi na benga, wala si jazi ya Marekani. Mwanaisimu angesema kuwa neno lilipanuka maana likiwa safarini: kutoka aina moja ya muziki hadi bendi yoyote ya kisasa yenye magitaa. Wasomi wa mjini hupenda kulicheka jina hilo. Kijana naye aliwahi kulicheka. Sasa alikuwa na ushahidi masikioni kwamba, angalau katika wimbo mmoja uliorekodiwa ukumbini Kisii, jina halikuwa pambo. Mtu mmoja aliyekwenda kutafuta riziki Nairobi alirudi na mwendo wa pili, tano, kwanza, akaupachika mwishoni mwa ubeti wa benga, na wenzake wakaufuata bila kuuliza jina lake.

Mwendo huo ndio uti wa mgongo wa jazi. Nguvu yake iko katika kodi ya katikati. Kodi ya tano yenye sauti ya saba ni so, ti, re, fa. Ndani yake fa na ti hazipatani. Umbali wao ni hatua tatu kamili, na sikio huusikia kama swali lisiloweza kuachwa bila jibu. Ti inataka kupanda nusu hatua hadi do, na fa inataka kushuka nusu hatua hadi mi. Kodi ya pili huandaa swali hilo. Anayetaka kulifuata bila kuchanganyikiwa na wingi wa sauti afuate nyuzi mbili tu: do ya kodi ya pili hushuka hadi ti katika kodi ya tano, fa ya kodi ya tano hushuka hadi mi katika kodi ya kwanza. Do–ti, fa–mi. Mtu aliyelelewa katika kwaya anaweza kuziimba nyuzi hizo kabla hajajifunza kusoma noti moja ya kinanda.

Kwa ufunguo huo mdogo kijana akaingia katika nyumba kubwa. Alisikiliza “Autumn Leaves”, wimbo uliotungwa Ufaransa na Joseph Kosma mwaka 1945, akakuta kwamba mwanzo wake ni pili, tano, kwanza katika ufunguo wa furaha, kisha pili, tano, kwanza katika ufunguo wa huzuni, kama ubeti unaojibiwa na ubeti. Alisikiliza “I Got Rhythm” ya George Gershwin ya mwaka 1930, ambayo kodi zake wapigaji wengi wa jazi walizichukua na kuzitungia nyimbo mpya, sawa na washairi wetu wanavyotumia bahari moja kwa maudhui elfu. Hapo alijifunza mzunguko wa kwanza, sita, pili, tano, ambao haukai nyumbani ila kwa kupita. Kisha akakutana na “So What” ya Miles Davis ya mwaka 1959, akaitafuta pili, tano, kwanza asiipate. Wimbo ule hukaa katika ngazi moja kwa vipimo kumi na sita, ukapanda nusu hatua kwa vipimo vinane, ukarudi ulikotoka. Akatambua kwamba sikio likilewa ruwaza moja huwa kiziwi kwa nyingine. Ndilo kosa la mhakiki aliyejifunza nadharia moja akaisoma katika kila riwaya.

Darasani mwake mambo yalibadilika pia. Zamani aliwafundisha wanafunzi vituo vya muziki kwa kuwakaririsha majina. Sasa huwaimbisha. Huwagawa mafungu manne kama kwaya, akawasimamisha kwenye kodi ya tano, akawanyamazisha hapo kwa muda. Wote hucheka kwa tabu, wakitamani kumaliza. “Hicho mnachokitamani,” huwaambia, “ndicho mtihani unachouliza.” Katika somo la ushairi huufanya mchezo uleule: huwasomea ubeti akakatiza kabla ya kibwagizo, na darasa zima humalizia bila kuambiwa. Kwa njia hiyo wanaelewa kwamba arudhi haikutungwa na wasomi ili kuwatesa. Ilikuwa masikioni mwa watu kabla ya kuwa vitabuni.

Mzee alifariki Machi iliyofuata. Walikuwa wamemaliza upande wa kwanza wa kaseti na nyimbo mbili za upande wa pili. Mazishini hapakupigwa gitaa, kwa kuwa familia iliheshimu utaratibu wa kanisa, na kijana hakuona haja ya kubishana. Aliimba sauti ya tatu pamoja na wenzake. Kaka yake mkubwa, aliyewahi kuilaumu redio, ndiye aliyemwita pembeni baada ya watu kutawanyika, akauliza kama wimbo ule wenye mahali penye kiza umekwisha kuandikwa. Umeandikwa, akajibiwa.

Wanafunzi wa Kiswahili wamesifiwa, na kwa haki, kwa kukusanya ngano, methali na nyimbo za jamii zao. Lakini tazama jinsi nyimbo zinavyoandikwa katika tasnifu nyingi: maneno, tafsiri, uchambuzi wa istiari, basi. Muziki wenyewe huachwa ukumbini pamoja na viti. Sababu inayotolewa ni kwamba mtafiti si mwanamuziki. Kisa hiki chaonyesha kuwa sababu hiyo ni nyepesi. Watafiti wengi wametoka katika kwaya, madrasa, ngoma na lugha za toni. Masikio yao yalikwisha kulimwa, ila hayajapandwa. Na wanaoweza kuinua kidole kusahihisha hawatakuwepo siku zote.

Zimebaki nyimbo tatu. Kijana huzisikiliza alasiri, kabla ya mvua, katika nyumba ambayo kiti kimoja hakina mtu. Katika wimbo wa tatu wa upande wa pili kuna kodi asiyoijua. Ameisikiliza kwa visikilizi, ameitafutia besi, ameiimba. Daftarini ameandika namba sita kwa kalamu ya risasi, na kando yake alama ya kuuliza. Kisha ameurudisha utepe nyuma.